Columbia ya 1981: chagua siku moja, ujenge siku hiyo

Mkuu, umeuliza kwa nini obita yako ya 1/144 (modeli ya chombo cha anga cha NASA chenye mabawa, ndogo mara 144 kuliko chenyewe) haifanani na Columbia ya safari ya kwanza, wakati umefuata karatasi ya maelekezo mwanzo mwisho. Nimeikuza picha uliyoweka nikaiangalia kwa makini. Rangi umepuliza vizuri sana. Shida ni kwamba umeunganisha vyombo vitatu katika kimoja.

Mabawa yako ni ya Challenger, obita nyingine ya NASA: kushoto "USA" na bendera chini yake. Columbia ya miaka ile ilikuwa na bendera peke yake bawa la kushoto, na "USA" bawa la kulia. Puani umeweka ule mchokoo mrefu wa kupima hewa, ambao ni wa Enterprise, obita ya majaribio ya 1977. Na kile kitumba kilicho juu kabisa ya mkia ni cha Columbia kweli, ila iliruka nacho mara ya kwanza Januari 1986. Kikate, sawazisha kwa msasa.

Yaliyokupata yalinipata na mimi. Boksi langu la kwanza liliandikwa Columbia, stika ndani zikawa na mpangilio wa Challenger. Nikabandika, nikapuliza vanishi, ndipo nikafungua picha za Columbia ikitua Edwards, kambi ya jeshi la anga la Marekani, 14 Aprili 1981. Nilikwangua bawa zima kwa wembe, na plastiki ikabaki na makovu. Tangu hapo sifungui gundi kabla sijaamua najenga tarehe gani, na picha za tarehe hiyo zinakaa mezani badala ya karatasi ya maelekezo.

Kwa STS-1, yaani safari ile ya kwanza, alama kuu ni weusi ulio juu ya mabawa, pale ncha ya mbele ya bawa inapotokea ubavuni karibu na pua. Hakuna obita nyingine iliyokuwa nao. Hata kwenye picha yenye ukungu, ukiuona unajua hii ni Columbia. Kwako hapo pameachwa peupe. Jina nalo lilikuwa kwenye milango ya sehemu ya mizigo. Lilihamishiwa mbele, karibu na chumba cha marubani, baada ya ajali ya Challenger.

Sasa vigae vya kukinga joto, na hapa naomba unielewe vizuri. Kigae cheusi cha tumboni kilikuwa na upana wa sentimita 15 hivi. Kwa kipimo chako hiyo ni milimita moja tu. Mstari uliochongwa kwenye plastiki ukiwa na upana wa milimita 0.2, zidisha mara 144: karibu sentimita 3. Yaani vidole viwili vinaingia kati ya kigae na kigae! Nyufa za kweli zilikuwa za milimita chache. Kwa hiyo mimi huizika mistari hiyo kwa praima (rangi ya msingi) nzito, nasugua kwa msasa wa maji namba 1000, halafu narudia, mpaka kucha ikipita isisikie kitu. Kisha nachora vigae kwa penseli ngumu yenye ncha kali, juu ya rangi nyeusi niliyoichanganya na kijivu kidogo. Ukiinamisha modeli kwenye taa, mistari inaonekana, ukiinyoosha, inapotea. Ndivyo ilivyo kwenye picha.

Weupe pia si mmoja. Sehemu kubwa ya milango ya mizigo ilifunikwa shuka za feliti, si vigae, kwa hiyo ifanye ififie bila kung'aa. Pua na kingo za mbele za mabawa ni kijivu, usizipake nyeusi.

Ukiiweka na tangi lake kubwa la nje la mafuta, lipake jeupe. Ni STS-1 na STS-2 pekee zilizokuwa na tangi jeupe. Kuanzia STS-3, Machi 1982, waliacha rangi wakapunguza kama kilo 270, likabaki la kahawia-chungwa.

Ukiamua kuijenga ilivyokuwa angani au ilipotua, usisahau vile vitumba viwili vya injini pembeni mwa mkia. Vigae 16 viling'oka safari ile, na mapengo kwenye vitumba hivyo wanaanga wake, Young na Crippen, waliyaona kwa dirisha la nyuma mara tu walipofungua milango ya mizigo. Mimi nakwangua rangi nyeupe pale kwa ncha ya sindano, pengo moja moja, nikiwa na picha pembeni, kisha nagusa kila pengo kwa tone la rangi nyeusi.