Kwa nini sijanunua M3: jibu kwa ndugu zangu mnaouliza kutoka nyumbani

Tangu nije Ujerumani kikazi, kuna swali moja ambalo halikosi kwenye simu wala kwenye kundi la familia: "Kaka, uko kwenye nchi ya Autobahn, zile barabara kuu za mwendo wa kasi, BMW M3 zimejaa mitumba, mbona unaendesha Hyundai?" Wengine mmenitumia hadi matangazo: M3 nyeusi ya mwaka 2008, injini ya V8, yaani silinda nane, bei ambayo ukiisoma ukiwa Kenya unadhani imekosewa. Binamu yangu anayekuja mwakani kusoma ameshachagua kabisa, anasema atakula mikate mikavu lakini atanunua hiyo. Nimeona nijibu mara moja kwa kirefu, kwa sababu napenda magari yenye mwendo tangu utotoni na sitaki mtu adhani ughaibuni umenitoa mapenzi hayo.

Lililo juu ya yote ni kwamba mimi hapa ni mpita njia. Mkataba wangu una mwisho na kibali cha ukaazi kina tarehe. Gari nitakalonunua nitaliuza hukuhuku, maana kwetu haliingii. Kenya haisajili gari la usukani wa kushoto, isipokuwa magari maalumu kama ya wagonjwa na ya zimamoto, na gari la mtumba halitakiwi kuzidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. M3 ya 2008 ya Ujerumani inakwama kwa sababu zote mbili. Kwa hiyo nikiliangalia gari lolote naanzia mwisho wake: siku ninafunga virago, nani atalinunua, atalinunua upesi kiasi gani, na mpaka siku hiyo litakuwa limenila pesa ngapi. Nguvu ya injini inakuja baada ya hapo.

Bei ya kununua ndiyo inayowapumbaza watu. Bima ndiyo ya kuanza nayo. Hapa bila namba ya uthibitisho kutoka kampuni ya bima, ofisi ya usajili haikupi namba za gari, basi. Na kila aina ya gari ina daraja lake, linalotokana na hasara ambazo magari ya aina hiyo yamesababisha nchini kote. Kwa bima ya lazima madaraja ni kutoka 10 hadi 25, kwa bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe, yanafika 34. Gari linalopendwa na wenye mguu mzito linapanda daraja, hata wewe uliendeshe kwa adabu namna gani. Juu ya hapo dereva naye ana daraja lake, kulingana na miaka aliyoendesha bila kudai fidia. Mjerumani wa rika langu amejikusanyia punguzo la miaka mingi. Miaka yangu ya kuendesha nyumbani haikuhesabiwa hata mmoja, nikawekwa chini kabisa pamoja na vijana waliotoka shule ya udereva juzi. Nilipoomba makadirio ya M3 na ya Hyundai kwa anwani ileile, tofauti ya mwaka mmoja tu ingeninunulia seti nzima ya matairi mazuri. Makadirio hayo unayapata mtandaoni kwa dakika chache. Yaombe kabla hujaenda kumwona muuzaji, kwa sababu ukishalisikia gari likinguruma akili inahama.

Kodi ya gari, ambayo wengi mnaiulizia, haiumizi sana. Injini ya petroli inalipiwa yuro 2 kwa kila cc 100 kwa mwaka, kisha inaongezwa hesabu ya hewa ya kaboni. Injini ya lita mbili ni yuro 40 kabla ya hiyo kaboni.

Panapouma ni kwenye vitu vinavyokwisha. Gari la mwendo lina diski kubwa za breki, matairi mapana, oili ya bei, na nyingi zinataka petroli ya okteni 98. Sasa zidisha matairi kwa mbili, kwa sababu barabara ikiwa na theluji au barafu sheria inataka matairi ya baridi, na tangu Oktoba 2024 yanayokubalika ni yale tu yenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Kila anayeishi hapa na gari ana seti ya pili imelala mahali ikisubiri majira yake, na ukikaa kwenye fleti isiyo na stoo unalipia hata mahali pa kuilaza. Tena, kama tairi hizo za baridi zimeruhusiwa mwendo mdogo kuliko uwezo wa gari lako, sheria inadai ubandike kibandiko mbele ya macho yako, kwenye dashibodi, kinachotaja kasi ya mwisho ya tairi. Changu kimeandikwa 240.

Mafuta nayo yana hesabu ambayo haijali mapenzi. Upinzani wa hewa unakua kwa mraba wa mwendo: kutoka 130 hadi 200 kwa saa, hewa inakusukuma nyuma kwa nguvu zaidi ya mara mbili. Ukilibana gari mwendo huo unaiona mishale ya mafuta ikishuka huku unaangalia.

Nirudi kwenye M3 yenyewe, maana siidharau. Ile V8 ya lita 4.0 inatoa nguvu farasi 420 na inazunguka hadi zaidi ya mara 8,000 kwa dakika. Ni injini ya ajabu, na BMW hawakuiweka tena kwenye M3 zilizofuata. Nilikwenda kuangalia moja. Mwenye nayo nilikuwa nimemwambia kwa simu, tafadhali usiiwashe kabla sijafika. Nilipofika nikaweka kiganja juu ya boneti, ilikuwa ya moto. Akasema aliitoa tu gereji. Nikachuchumaa kwenye magurudumu: diski za mbele zilikuwa na ukingo unaokwaruza kucha, kumaanisha chuma kimeliwa sana, na matairi manne yalikuwa ya kampuni tatu tofauti. Kitabu cha huduma kilikuwa na mapengo. Injini hiyo inajulikana kwa jambo moja: beringi za konrodi, zile fimbo zinazounganisha pistoni na shafti ya injini, kuisha mapema. Wamiliki wengi wanazibadilisha kabla hazijalia, kwa sababu zikishaanza kulia injini nzima iko njiani kufa. Nikamuuliza kama zimewahi kubadilishwa. Hakuwa na risiti, alikuwa na maneno. Oili ikiwa baridi ndipo injini iliyochoka inapojisema, na hiyo ilikuwa imeshapashwa moto. Nikamshukuru nikaondoka.

Angalieni tena hapo kwenye risiti. Mtu anayeishi hapa maisha yake yote, mwenye gereji nyumbani na rafiki fundi, anaweza kuinunua gari hiyo, akaivua injini taratibu msimu wa baridi, akaifurahia miaka ishirini. Gharama ile inagawanyika. Mimi nitaitengeneza kwa saa za gereji ya kulipia, kisha nimwachie mnunuzi beringi mpya kabla sijazifaidi. Anayekaa muda mfupi analipa matengenezo ya miaka ya mbele ambayo hatakuwepo.

Ndiyo maana nikachukua Hyundai i30 N, na wanaocheka jina hilo hawajaiendesha. Nyuma ya mradi wake alikuwepo Albert Biermann, mhandisi aliyeongoza uhandisi wa BMW M, kitengo cha magari ya mwendo cha BMW, kabla hajahamia Hyundai mwaka 2015, na gari lilinolewa kwenye Nürburgring, uwanja wa mbio za magari hapa Ujerumani. Langu ni toleo liitwalo Performance: turbo, lita mbili, nguvu farasi 275, gia sita za mkono, na difu inayojifunga yenyewe ili tairi la ndani lisizunguke bure kwenye kona. Ukiingia kona mbaya na ukakanyaga mafuta mapema, unahisi pua ya gari inavutwa ndani badala ya kutanuka nje, na hapo ndipo utaelewa kwamba farasi 275 zilizofungwa vizuri zinatosha kabisa barabarani. Ndani ya buti kuna mtambaa wa chuma mwekundu unaoshika pande mbili za bodi. Unafunguka ukitaka kupakia masanduku. Nyuma wanakaa watu wazima watatu. Na nilipolinunua lilikuwa bado limebakiza dhamana ya kiwanda, ambayo ni miaka 5 bila kuhesabu kilomita. Kwa mpita njia, dhamana hiyo ina thamani kuliko silinda nne za ziada.

Sisemi ndilo pekee. Golf GTI inauzika siku yoyote ya wiki. Mazda MX-5 ni nyepesi, karibu tani moja tu, kwa hiyo inakula breki na matairi kidogo na inafurahisha hata kwenye mwendo wa kawaida, ilimradi huna mtoto wala mzigo. Toyota GR Yaris imeshikilia bei yake vizuri, ila pesa nyingi inabidi uziweke mbele. Kukodi kwa miaka mitatu, jinsi Wajerumani wengi wanavyofanya na magari mapya, ningekuonya: mkopeshaji ataangalia kibali chako kinaisha lini, na ukilazimika kuondoka katikati, kujitoa kwenye mkataba ni ghali.

Kuhusu mahali pa kununua: duka la magari linalomuuzia mtu binafsi linawajibika kwa kasoro zilizokuwepo kwa angalau mwaka mmoja hata kwa gari la mtumba. Muuzaji binafsi anaweza kuikwepa dhamana hiyo kwa mstari mmoja kwenye mkataba. Ukiona tangazo la duka limeandika gari linauzwa kwa wafanyabiashara au la kusafirishwa nje tu, elewa kwamba duka halitaki kuwajibika, na bei hiyo ya chini ndiyo sababu yake.

Sasa hiyo Autobahn mnayoiota. Ndiyo, kuna sehemu ndefu zisizo na kikomo, na asubuhi ya Jumapili barabara ikiwa kavu na tupu ni raha ambayo sina namna ya kuwahamishia kwa simu. Siku za kazi ni malori, ukarabati na foleni. Kasi inayopendekezwa ni 130 tangu mwaka 1978. Kuizidi si kosa pasipo na kibao, lakini mwaka 1992 Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua kwamba aliyezidi 130 anaweza kubebeshwa sehemu ya hasara ya ajali hata kama kosa ni la mwingine, mpaka athibitishe kwamba kwa 130 ajali ingetokea vilevile. Na tangu 2017 kushindana barabarani ni kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka miwili, hata anayekimbia peke yake kutafuta mwendo wa mwisho wa gari lake kwa uzembe anaingia humo, na gari linaweza kutaifishwa. Hukumu ya jinai inaweza kukugharimu kibali cha ukaazi. Mwenyeji akiharibikiwa anapoteza leseni, wewe unaweza kupoteza na nchi.

Nürburgring nimekwenda. Nordschleife, njia yake ndefu ya kaskazini, ina kilomita 20.8 na siku zilizo wazi mtu yeyote mwenye gari halali analipa tiketi anaingia. Kisheria siku hizo ni barabara ya kawaida, kupita ni kushoto na kujipima muda ni marufuku. Bima nyingi zinaitaja njia hiyo kwa jina na kuitoa kwenye fidia, na ukigonga reli za pembeni unalipa reli. Mimi niliacha gari langu kwenye maegesho nikakodi lililoandaliwa kwa kazi hiyo, kwa masharti ya bima niliyoyasoma hadi mwisho. Ningefanya hivyo tena.

Kubadilisha gari kama mlivyozoea nyumbani, sahauni. Ekzosi, springi, rimu, programu ya injini, kila kitu kinahitaji kibali au kuingizwa kwenye hati na mkaguzi. La sivyo gari linapoteza uhalali wa kutembea na bima inapata sababu ya kukugeukia. Ukaguzi unarudi kila miaka 2. Na gari lisiloguswa ndilo linalouzika haraka.

Binamu, kwako wewe unayekuja: leseni ya Kenya utaitumia miezi 6 tangu uanze kuishi hapa, kisha utafanya mtihani wa nadharia na wa barabarani, kwa sababu Kenya haimo kwenye orodha ya nchi ambazo leseni zake zinabadilishwa moja kwa moja. Weka pesa za hapo kwanza. Mwaka wa kwanza chukua gari dogo la kawaida ili uanze kujenga daraja la bima, kwa sababu kila mwaka usio na madai unashusha malipo ya gari utakalotaka baadaye. Ukifika mwaka wa pili na bado unaitamani V8, nitumie tangazo pamoja na picha za kitabu cha huduma na risiti ya beringi. Zikiwepo zote mbili, nitaendesha kilomita zozote kuja kuiangalia nawe.