Maswali kwa Nahodha: Pasaka kwa tanga, Ukerewe na Ukara

SWALI: Shikamoo Mzee. Sisi ni marafiki sita, wanaume wanne na wanawake wawili, wote tunafanya kazi hapa Mwanza. Pasaka hii tunataka kukodi mtumbwi wa tanga tutembelee visiwa. Ijumaa Kuu tulale Ukerewe, Jumamosi Ukara, Jumapili Rubondo, na Jumatatu jioni tuwe nyumbani, maana Jumanne ni kazi. Mashine hatuitaki, tunataka tanga tu. Mwenzetu mmoja alijifunza kuendesha mashua za tanga Dar es Salaam na anasema nahodha wa kukodi ni gharama ya bure. Wanaojua kuogelea ni wawili. Je, mpango huu unawezekana, na tujiandae vipi?
Msomaji, Nyegezi

JIBU: Marahaba wanangu. Barua yenu imenifurahisha, kwa sababu nawajua watu wazima wengi wa Mwanza wanaoliona ziwa kila siku wakienda kazini na hawajawahi kukanyaga Ukerewe. Nendeni. Ila si kwa ratiba hiyo. Rubondo itoeni, nahodha mchukueni, na Jumatatu jioni isiwe amri.

Rubondo nitaimaliza haraka. Kutoka Mwanza ni zaidi ya kilomita 100 kuelekea magharibi, mnapita Kome na Maisome, na kutoka Ukara ni mbali zaidi. Kwa tanga hiyo si safari ya siku moja. Tena ni hifadhi ya taifa tangu 1977. Hamuwezi kutia nanga mnapotaka mkawasha moto ufukweni kama mko kwa mjomba. Kuna kibali, kuna kiingilio, kuna askari. Ni kisiwa kizuri sana, kina nzohe, wale swala wa kwenye matete, na kina sokwe ambao wazee wao waliletwa miaka ya 1960 kutoka Ulaya na kuachiwa msituni. Kinastahili likizo yake peke yake: mwende kwa gari hadi upande wa Chato, mvuke kwa boti.

Sasa upepo, maana safari ya tanga ndiyo hiyo. Upepo wa huku una zamu mbili. Usiku nchi kavu inapoa upesi kuliko maji, hewa inateremka kutoka bara kwenda ziwani. Huo ndio upepo wa nchi kavu, unaowatoa wavuvi mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, kabla ya alfajiri. Jua likipanda unalegea, na kuna kipindi tanga linaning'inia tu, watu wanashika makasia. Baadaye nchi kavu inapata joto, upepo unageuka, unavuma kutoka ziwani kuja bara. Kwa hiyo kutoka Mwanza mnang'oa nanga alfajiri. Kurudi Mwanza mnaondoka Nansio asubuhi jua limeshatoka, upepo wa mchana uwakute njiani uwasukume nyumbani. Ni kama kilomita 45 hivi. Mkishindana na zamu ya upepo mtazimaliza mmechoka na mmelowa.

Lakini ninyi mnakwenda masika, na hapa naomba msome polepole. Ule upepo wa usiku hautoki Mwanza peke yake. Unatoka Musoma, unatoka Bukoba, unatoka Uganda na Kenya, na wote unaelekea katikati ya ziwa. Unakutana pale juu ya maji ambayo usiku bado yana uvuguvugu, hewa inakosa pa kwenda isipokuwa juu, na mawingu ya radi yanajijenga kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri. Yaani saa yenye upepo mzuri wa kutokea ndiyo hiyohiyo saa ya dhoruba. Kiangazi haina shida kubwa. Masika ina shida kubwa sana. Ndiyo maana kila alfajiri ya safari yenu nahodha atasimama mwaloni aangalie upande wa ziwa kwenye giza. Akiona umeme unamulikamulika chini ya anga bila kukoma, atasema tungoje. Na ninyi mtangoja, hata kama chai imeshanywewa na mizigo imeshapakiwa.

Mkiwa tayari majini, dalili ni hizi: upepo unakufa ghafla, joto linakuwa zito, kisha unapigwa shavuni na upepo wa baridi ambao haukuwapo. Tazameni mbele, mtaona mstari mweusi juu ya maji unakuja. Tanga linatakiwa liwe limeshatuliwa kabla mstari huo haujafika, si baada ya kufika. Watu wanakaa chini sakafuni, si kwenye mbao za kukalia, na hakuna anayesimama kuchukua simu yake.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa Ziwa Victoria. Usomeni jioni kabla ya kuondoka na asubuhi tena. Kisha muulizeni mvuvi aliyetoka majini saa hiyo. Vyote viwili, si kimoja.

Kuna jambo moja zuri kuhusu tarehe mliyochagua. Jumapili ya Pasaka siku zote hufuata mwezi mpevu. Wavuvi wa dagaa wanategemea giza, taa zao hazivuti kitu mbalamwezi ikiwaka, kwa hiyo siku hizo wengi wako nchi kavu wanashona nyavu. Manahodha wazuri mtawapata, na mtawapata wamelala. Kama mngeweza kusubiri, mimi ningechagua mbalamwezi ya Juni au Julai. Mvua zimekwisha. Kusi linavuma kwa nguvu, mtakwenda Ukerewe kama mmesukumwa na mkono, ila siku kusi likishinda upepo wa mchana, kurudi ni kubisha njia nzima, yaani kwenda kushoto na kulia mkiukabili upepo, na hapo wekeni siku mbili.

Sasa huyo mwenzenu wa Dar es Salaam. Sina shaka anajua tanga, na nahodha atafurahi kupata mtu wa kumshikia demani, ile kamba ya kuongozea tanga. Lakini baharini amezoea maji kupwa na kujaa: ukikwama, unasubiri maji yajae yakunyanyue. Huku ukipanda jiwe umepanda jiwe. Na mawe ni mengi, yale yale makubwa mnayoyaona yamebebana vilimani Mwanza yanaendelea chini ya maji, mengine kichwa chake kiko dhiraa moja tu chini ya uso wa ziwa, hayana boya wala taa. Yanajulikana kwa aliyekulia hapo. Mawimbi nayo ni tofauti. Huku yanakuwa mafupi, yamesimama, yanafuatana bila kukupa nafasi ya kupumua.

Na hili ndilo ninalotaka mlishike kuliko yote: mlipeni nahodha siku za kukaa sawasawa na siku za kusafiri. Patana naye hivyo mbele ya mashahidi kabla hamjatoka, na siku moja ya akiba iwe imeshalipiwa. Nimekulia Ukerewe, baba yangu alikuwa na mtumbwi wa tanga wa kupeleka machungwa na mihogo Mwanza, na nimekaa kwenye usukani miaka mingi. Mtu anayelipwa kwa kufika atataka kufika. Ana watoto, ana deni la mbao, na abiria wake wamekaa wanatazama saa. Anga likiwa na shaka, atatoka. Lakini mtu ambaye ujira wake uko palepale akisema twende au akisema tungoje, huyo atawaambia ukweli. Fedha ya siku ya kungoja ndiyo fedha bora mtakayoitoa safari nzima. Kwa hiyo, ninyi wenye kazi Jumanne, ombeni ruhusa ya Jumanne sasa hivi. Kama mwajiri hakubali, futeni Ukara mbaki na Ukerewe peke yake.

Mtumbwi wenyewe msiukubali mkiuona umeanikwa juu ya mchanga umekauka. Ombeni ulale majini usiku kucha, asubuhi mwiname muangalie ngama, pale chini ndani ya mtumbwi maji yanapokusanyika. Maji kidogo ni kawaida ya mtumbwi wa mbao. Maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu, tafuteni mwingine. Piteni na kidole kwenye maungio ya mbao: pamba ya kalafati, ile ya kuzibia nafasi kati ya mbao, isiwe inachungulia, na vile vipande vya bati vilivyopigiliwa juu yake visiwe vimeinuka pembeni. Vuteni henza, kamba ya kupandishia foromali, ule mti unaobeba tanga, mwone kama inateremka bila kukwama, kwa sababu siku ya dhoruba mtaihitaji iteremke kwa pigo moja. Tanga likiwa la viroba vilivyoshonwa si neno, mradi mshono ni wa mara mbili. Mtumbwi wa uvuvi ukiwa mtupu unayumba sana chini ya tanga, kwa hiyo utiwe farumi, magunia ya mchanga, yafungwe yasiteleze upande mmoja. Dumu lililokatwa la kutolea maji mtumbwini, mawili, yamefungwa kwa kamba. Na demani haifungwi kamwe. Inashikwa mkononi, ili kishindo cha upepo kikija iachiwe mara moja.

Mashine ndogo ichukueni hata kama haitawashwa. Najua mnataka tanga tu, nami moyo wangu uko huko, lakini kuna jioni upepo unakufa mkiwa kilomita nane kutoka nchi kavu na wingu liko nyuma yenu.

Jaketi okozi ni moja kwa kila mtu, limevaliwa na limefungwa. Nimeona watu wanayakalia kama mito. Hata wale wawili wanaojua kuogelea wavae.

Njia ninayowashauri ni hii. Ijumaa alfajiri Mwanza hadi Nansio. Jumamosi mtumbwi upumzike Nansio. Ninyi pandeni gari hadi Bugolora, upande wa kaskazini wa kisiwa, mvuke kwa kivuko hadi Bwisya, Ukara. Kuzunguka Ukerewe kwa upande wa magharibi kwa tanga ni kujiweka wazi kwa ziwa zima, na kwa masika sikubali. Njiani mtaona Ukerewe yenyewe, michungwa, mashamba ya mihogo, na mkipenda mpite Bukindo kwenye nyumba ya watemi wa Wakerewe.

Ukara ni kisiwa kidogo chenye watu wengi, na watu wake ni wakulima hodari kuliko wote ninaowajua. Ng'ombe wanafugwa zizini, samadi inabebwa kichwani hadi shambani, hakuna kipande cha ardhi kilichosahaulika. Miti nayo ina wenyewe, hata ule uliosimama peke yake juu ya mwamba. Msikate kuni. Beba mkaa wenu au nunueni. Mkifika jitambulisheni kwa mwenyekiti wa kijiji, na mkilala karibu na mwalo jitambulisheni pia kwa BMU, kikundi cha wanakijiji kinachosimamia mwalo. Ombeni mpelekwe kwenye jiwe linalocheza.

Pale Bwisya, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimeshakaribia gati. Kilikuwa kimeruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 220. Msipige picha za kujionyesha kwenye makaburi yao. Na siku mtakapopanda kivuko kurudi Bugolora, mkiona kimejaa kupita kiasi, shukeni mngoje kingine.

SWALI: Mzee, mimi ni mchuuzi wa dagaa, natoka Kayenze. Mwezi uliopita tuliona kitu kama mkia kinashuka kutoka kwenye wingu hadi majini, kinazunguka. Wazee mtumbwini walisema ni joka, tunyamaze. Ni nini hasa, na tulitakiwa kufanya nini?

JIBU: Ndugu yangu, ni upepo unaozunguka kama ule wa vumbi mnaouona uwanjani kiangazi, ila huu umening'inia kwenye wingu na unarusha maji. Kunyamaza hakudhuru lakini hakusaidii. Tanga litue mara moja. Kitazameni dakika moja mjue kinaelekea wapi, kisha kwa makasia au mashine mkate njia kwenda pembeni, mbali na njia yake. Msikimbie mbele yake, wala msikifuate kwa nyuma kwa sababu ya picha. Kwa kawaida hakidumu. Kikiisha, msitweke tanga haraka: wingu lililokizaa bado liko juu yenu na lina upepo mwingine ndani yake.

SWALI: Wanangu wanakwenda Kome na wenzao likizo hii, wanasema wataoga ziwani kila siku. Mimi naogopa kichocho. Niwakataze? Mama, Sengerema.

JIBU: Mama, una haki ya kuogopa. Kichocho kinatoka kwa konokono wadogo wanaokaa kwenye maji ya kina kifupi, yaliyotulia, yenye majani na magugu, hasa karibu na mahali watu wanapofulia na kuoga. Vimelea hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kuelekea saa sita mchana. Kwa hiyo wasiingie penye matete, ambako pia kuna mamba na viboko, na wasikae kwenye maji ya magotini wakicheza mchana kutwa. Maji ya kuoga wayachemshe, au wayachote yakae siku mbili kwenye pipa lililofunikwa ndipo wayatumie. Wakirudi, ngoja kama miezi miwili, uwapeleke wote hospitali wakapimwe choo na mkojo, hata asiyelalamika tumbo. Wakikutwa nacho, watapewa vidonge vya praziquantel kulingana na uzito wao, na vinywewe baada ya chakula.