Jibu: Kwa nini lenzi ya kawaida isipunguzwe tu iingie mwilini?

Mkuu, umeuliza kwa nini tusichonge tu lenzi ya kawaida iwe ya milimita moja, iingie kuangalia seli za utumbo. Kuichonga inawezekana, shida ni majimaji. Zamisha kioo cha kukuzia kwenye beseni la maji uangalie maandishi: hayakui tena kama mwanzo. Lenzi ya mbinuko hupinda mwanga pale kioo (kipeo cha mpindo, yaani namba ya jinsi kitu kinavyopinda mwanga, kama 1.5) kinapokutana na hewa (1.0). Ndani ya mwili inakutana na maji, 1.33, hivyo upande huo nguvu hubaki takriban theluthi.

Ndiyo maana wengi hutumia lenzi za GRIN (gradient-index, yaani zenye kipeo kinachobadilika taratibu): kijiti cha kioo, kipenyo nusu milimita hadi moja, ncha bapa. Ayoni (chembe zenye chaji) hubadilishwa ndani ya kioo ili kipeo kiwe kikubwa katikati na kipungue kuelekea ukingoni, basi mwanga unajipinda humo humo taratibu. Urefu wa kijiti ndio unaoamua taswira itue wapi, kwa hiyo anza na hesabu hiyo.

Kinachonisumbua zaidi ni rangi: mwanga wa bluu na ule mwekundu haukutani sehemu moja baada ya kupindwa. Ukitumia rangi ya kung'arisha seli, mwanga unaorudi si wa rangi ile uliyotuma, basi panga mapema kilenzi cha kurekebisha tofauti hiyo.