Bima ya mzee wako inaisha Desemba? Usiitupe ile barua

Barua za kueleza kwamba mpango wa bima ya afya unafungwa hufika mwanzoni mwa Oktoba, kwa sababu kampuni ya bima inatakiwa iwe imekufikishia taarifa kufikia tarehe 2. Ya mama yangu ilikuwa na kurasa kadhaa za maandishi madogo, lakini habari yenyewe ilikuwa aya ya kwanza: mpango wake wa Medicare Advantage (yaani Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, ikiendeshwa na kampuni binafsi) hautaendelea katika kaunti yetu, na mwisho wake ni Desemba 31. Mama aliisoma, akaikunja, akasema, "Basi wamenifukuza, mwanangu."

Hakufukuzwa. Tangu hapo nimewasaidia wazee kadhaa wa jumuiya yetu hapa Marekani, na hofu ni hiyohiyo, kwa hiyo tuanzie hapo. Kilichofungwa ni mpango wa kampuni binafsi. Medicare yenyewe, yaani Sehemu A ya kulazwa hospitalini na Sehemu B ya madaktari na vipimo, ipo palepale. Mzee asipofanya chochote, Januari 1 anarudi moja kwa moja kwenye Medicare ya kawaida ya serikali. Atalazwa akiugua, daktari atamwona.

Ila kukaa kimya kuna gharama zake. Kwanza, bima ya dawa inaondoka na mpango uliokufa, maana Medicare ya kawaida haibebi dawa za kununua famasi. Hizo ni za Sehemu D, na lazima ujiandikishe mwenyewe. Pili, kwa huduma nyingi za Sehemu B mgonjwa analipa asilimia 20, na hiyo asilimia 20 haina kikomo. Mipango ya Advantage, kwa mabaya yake yote, ina kikomo cha mwaka: kwa 2026 haiwezi kukutoza zaidi ya dola 9,250 kwa madaktari walio ndani ya mtandao wake, yaani wenye mkataba nao. Medicare ya kawaida haina ukuta kama huo. Mzee mwenye saratani au figo anaweza kumaliza akiba ya maisha.

Sasa turudi kwenye barua, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapopoteza kitu bila kujua.

Ipo bima ya ziada inaitwa Medigap. Kazi yake ni kulipa zile asilimia 20 na makato mengine ambayo Medicare ya kawaida inakuachia. Ukifikisha miaka 65 na kuanza Sehemu B unapewa miezi sita ya kuinunua bila kuulizwa lolote kuhusu afya yako. Miezi hiyo ikipita, katika majimbo mengi kampuni ina haki ya kukuhoji: una sukari? Moyo? Umewahi kupata kiharusi? Ikakukatalia, au ikakupandishia bei. (New York na Connecticut ni afadhali, huko mlango uko wazi mwaka mzima.) Mama yangu ana sukari na presha. Kwa utaratibu wa kawaida, mlango wake ulishafungwa siku nyingi.

Mpango wa Advantage unapofungwa na kampuni, mlango huo unafunguliwa tena. Mzee akirudi Medicare ya kawaida, ana haki ya kununua aina kadhaa za Medigap, ikiwemo ile ya herufi G kama alifikia sifa za Medicare mwaka 2020 au baadaye, na kampuni haiwezi kumkatalia wala kumtoza zaidi kwa sababu ya maradhi yake. Muda wa kuomba unaanza siku 60 kabla bima haijaisha na unakwisha siku 63 baada ya kuisha. Ushahidi wa haki hiyo ni ile barua ya Oktoba. Kampuni ya Medigap itaiomba. Mimi ya mama niliipiga picha, nikatoa nakala, na ya asili nikaiweka pamoja na pasipoti yake.

Sisemi kila mtu akimbilie Medigap. Ina ada yake ya kila mwezi juu ya ada ya Sehemu B, ambayo kwa 2026 ni dola 202.90, na juu ya ada ya Sehemu D utakayonunua kando. Ada ya Medigap pia huelekea kupanda kadiri miaka inavyokwenda. Meno na miwani haimo. Kwa mzee anayeishi kwa hundi ya Social Security, yaani pensheni ya serikali, peke yake, hesabu inaweza isikubali, na Advantage nyingine yenye ada ndogo ikawa ndiyo njia. Ninachosema ni kwamba uamuzi huu ufanywe macho wazi, kwa sababu akishahamia Advantage nyingine na muda ukapita, haki hiyo imekwenda na huenda isirudi.

Kilichotuamulia sisi ni safari. Mama huenda nyumbani Afrika na kukaa huko kwa wiki kadhaa, na Medicare karibu hailipi kitu nje ya Marekani. Medigap G inalipa asilimia 80 ya matibabu ya dharura nje ya nchi ndani ya siku 60 za kwanza za safari, ukishalipa dola 250 za mwanzo, hadi jumla ya dola 50,000 kwa maisha yako yote. Si nyingi ukihesabu gharama za ndege ya wagonjwa, lakini kwa homa ya mapafu au mguu uliovunjika ni msaada wa kweli. Kuna mipango ya Advantage inayolipa dharura za nje pia. Soma kila mmoja unavyosema.

Kama mnaelekea Advantage nyingine, kazi kubwa ni simu. Usimuulize karani wa kliniki, "Mnapokea kampuni fulani?" Atasema ndiyo, na atakuwa hakudanganyi, kwa sababu kampuni moja inaweza kuwa na mipango mingi na kliniki ikawa ndani ya mmoja tu. Soma jina kamili la mpango, neno kwa neno kama lilivyoandikwa, na uulize kuhusu mwaka unaokuja. Daktari wa sukari wa mama alikuwa ndani ya mpango mmoja wa kampuni ile ile na nje ya mwingine, na tofauti ya majina yao ilikuwa herufi tatu mwishoni.

Dawa nazo hivyohivyo. Tulimwaga chupa zote mezani, nikaandika jina, nguvu ya dawa na mara ngapi kwa siku, tukaziingiza kwenye tovuti ya Medicare.gov pamoja na jina la famasi yetu. Tovuti inapanga mipango kwa jumla ya gharama za mwaka mzima, na hiyo ndiyo namba ya kutazama, siyo ada ya mwezi. Kwa 2026, ukishatoa dola 2,100 mfukoni kwa dawa zilizo kwenye orodha ya mpango, hulipi tena mpaka mwaka uishe. Zingatia maneno "zilizo kwenye orodha". Dawa isiyomo haihesabiwi.

Kuhusu tarehe: dirisha la kila mtu ni Oktoba 15 hadi Desemba 7. Aliyefungiwa mpango anaongezewa kuanzia Desemba 8 hadi siku ya mwisho ya Februari. Hiyo nyongeza isikulevye. Ukijiandikisha Januari, bima inaanza Februari 1, na mwezi mzima wa Januari utanunua insulini kwa bei ya dukani. Kamilisha kabla ya Desemba 31.

Mawakala. Sina ugomvi nao, wapo wanaofanya kazi safi, lakini wakala analipwa kwa kukuandikisha na hana sababu ya kukueleza mpango asiouuza. Simu zilipoanza, mmoja alimwita mama "mama yangu" kabla hajajua hata jina lake, akaomba namba ya kadi ya Medicare "ili kuhakikisha". Nilichukua simu nikakata. Medicare haikupigii ghafla kuomba namba hiyo. Anayetaka ushauri usio na kamisheni awatafute SHIP, programu ya ushauri wa Medicare: kila jimbo linayo, ni bure, na washauri wake hawauzi bima. Au piga 1-800-633-4227, saa 24, uombe mkalimani, hulipii. Mzee awepo kwenye laini ili aseme mwenyewe kwamba anakuruhusu kumsemea, la sivyo hawatakueleza kitu.

Kama kipato ni kidogo, kabla ya kuchagua chochote omba misaada miwili. Ofisi ya Medicaid ya jimbo, yaani bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ina programu zinazomlipia mzee ada ya Sehemu B. Social Security nayo inapokea maombi ya Extra Help, inayopunguza gharama za dawa kwa mtu ambaye mapato yake hayazidi asilimia 150 ya kiwango cha umaskini cha serikali na ambaye akiba yake ni ndogo. Anayekubaliwa programu ya Sehemu B huipata Extra Help bila kuomba tena. Nimewaona wazee wanaoona aibu kuomba. Wamekatwa kodi miaka yote waliyofanya kazi. Aibu ya nini?

Neno moja kwa ambao bima iliyoisha ni ya kazini, baada ya kustaafu. Mwajiri atakupa COBRA, yaani nafasi ya kuendelea na bima ileile kwa muda ukijilipia mwenyewe, na utajiona uko salama. Kama umeshafika 65, COBRA haihesabiki kama bima ya kazi. Miezi minane ya kujiandikisha Sehemu B bila faini inaanza kuhesabiwa kazi inapoisha, COBRA unayo au huna. Faini yake ni asilimia 10 kwa kila miezi 12 uliyochelewa, na kwa kawaida unaibeba maisha yako yote.

Desemba chukua dawa zote famasi ukiwa bado na kadi ya zamani. Ukihamia Advantage mpya katikati ya matibabu, mpango mpya unatakiwa kuyaacha yaendelee kwa angalau siku 90 bila kudai kibali upya. Waambie hivyo kwenye simu wakikuyumbisha. Kwa anayerudi Medicare ya kawaida, tafuta ile kadi nyekundu, nyeupe na bluu, ambayo wengi waliiweka mahali walipoanza Advantage na hawakuiona tena. Ikikosekana, nyingine inaagizwa kwa simu ileile, au unaichapisha mwenyewe kutoka kwenye akaunti yako ya Medicare.gov.