Maswali Yenu: Kumficha Mtu kwenye Ukuta wa Fort Jesus

SWALI: Nimeona picha za Liu Bolin, yule msanii Mchina anayepakwa rangi mpaka anapotelea kwenye Ukuta Mkuu wa China. Nataka kumpiga rafiki yangu picha ya aina hiyo Fort Jesus. Tumejaribu kwenye ukuta wa nyumbani, rangi imefanana kabisa, lakini bado anajitokeza kama sanamu. Tunakosea wapi? – Msomaji, Kisauni

JIBU: Rangi huenda mmeipatia, kinachomfichua ni kivuli cha mwili wake mwenyewe. Ukuta ni bapa, mtu ni mviringo. Mwanga ukitoka juu, mabega na pua hung'aa, chini ya kidevu na ubavuni huwa giza, na jicho husoma umbo hilo kabla ya kuangalia rangi. Mchoraji wa Marekani, Abbott Thayer, aliieleza kanuni hii mwaka 1896: wanyama wengi wana mgongo wa giza na tumbo jeupe ili kivuli kifutike. Mtazameni swala tomi.

Kwa hiyo koroga rangi moja katika vikopo vitatu: ya kawaida, iliyokolezwa kidogo, na iliyoongezwa nyeupe. Iliyokolezwa ipake juu ya mabega, kwenye mgongo wa pua na mashavuni. Iliyoongezwa nyeupe ipake chini ya kidevu, chini ya pua, kwenye matundu ya macho na ubavuni. Ukimwona kwa karibu atatisha. Kwenye kamera atalainika.

Kabla ya kumgusa mtu, paka kipande cha karatasi, kisimamishe mahali atakaposimama, piga picha kisha uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Karatasi ikionekana, rangi yako ina mwanga mwingi au kidogo kuliko jiwe. Tofauti ndogo ya rangi husameheka, ya mwanga haisameheki.

Ukuta wa matumbawe, kama wa Fort Jesus, una vishimo, hivyo brashi laini haifai. Rarua sponji ya kuogea kingo zisiwe sawa, gongagonga rangi ya giza, kisha weka nukta ya rangi angavu upande mmoja wa kila kishimo, ule unaopokea mwanga.

SWALI: Mistari ya mawe inakatika inapofika mwilini. Tupime vipi?

JIBU: Msipime kwa rula wala kwa macho ya anayepaka. Picha hii ni kweli kutoka sehemu moja tu, kwenye lenzi. Funga kamera kwenye stendi, mita 4 hadi 6, lenzi ya milimita 50 hadi 85, tundu la lenzi f/8, na usiiguse tena. Mmoja abaki kwenye skrini ya kamera akiamrisha: "juu kidogo, pinda, hapo." Mwingine apake, akianzia ukingoni mwa mwili pande zote mbili, kisha aunganishe. Mstari ulionyooka kwenye kamera mara nyingi umepinda tumboni, na ndivyo unavyotakiwa kuwa.

Anayechorwa asimame sentimita 30 hadi 50 kutoka ukutani, upande ambao utabaki kivulini muda wote wa kazi. Vijiwe kwenye vidole na visigino vimrudishe mahali pake baada ya mapumziko. Hata hivyo akichoka hushuka mabega, na mistari yote ya kifuani hushuka naye. Ndiyo maana uso na mikono huja mwisho. Piga picha anapomaliza kutoa pumzi.

SWALI: Rangi ya maji ya ukutani, au piko (rangi nyeusi ya kujichora mwilini), vinafaa?

JIBU: Hapana kwa vyote viwili. Rangi ya ukutani ina dawa za kuzuia kuoza zinazowasha ngozi. Piko nyeusi mara nyingi ina kemikali ya rangi ya nywele, inayoweza kuunguza na kuacha makovu. Tumia rangi za mwili, na ujaribu tone moja ndani ya kiwiko saa 24 kabla. Rangi ya akriliki itumike kwenye nguo tu. Kwa kweli nguo ndiyo njia bora: Liu Bolin mwenyewe hupakwa rangi juu ya nguo. Paka ovaroli rangi ya msingi nyumbani ikauke, na siku ya kazi ubaki na mistari, uso na mikono. Nywele zifunikwe kwa kofia ya kuogelea. Jasho likitoka, bonyeza kwa tishu, usifute.

SWALI: Ni kweli mtu akipakwa mwili mzima anakosa hewa?

JIBU: Si kweli, tunapumua kwa mapafu. Hatari ni joto, na kuzimia kwa kusimama magoti yamekazwa. Kila dakika 20 akae, anywe maji.

SWALI: Ruhusa je?

JIBU: Iombe kwa maandishi kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, wasimamizi wa ngome, na uulize kama picha yako inahitaji leseni ya filamu. Matumbawe hufyonza rangi: asiegemee ukuta, usitumie bomba la kupulizia kwenye upepo, tandika turubai chini, na maji ya kuoshea brashi yaondoke kwenye ndoo yenye kifuniko.