Kwa mnaoanza: si kila kichwa chenye rangi za bendera ni cha 1976

Nimemaliza kupitia maelezo ya picha yaliyoandikwa na vijana wetu wapya. Kila kichwa cha treni cha Marekani chenye nyekundu, nyeupe na buluu kimebandikwa mwaka 1976, miaka 200 ya uhuru, basi. Wadogo zangu, hapana! Maelezo yakikosewa leo, kesho yatanakiliwa yalivyo, na kuyafuta kila yalikofika ni kazi isiyoisha.

1. Anzeni na bodi, rangi baadaye. Pua ndefu na taa iliyokaa ndani ya kimia cha mraba, hiyo ni PA, dizeli ya kampuni ya ALCO. Madirisha ya duara ubavuni ni E8 au E9, dizeli za treni za abiria. Ya mraba, E7, ndugu yao. GG1, kichwa cha umeme, yenye ribiti mwili mzima ni moja tu, 4800 ya mwaka 1934. Zile nyingine zote, kati ya 139, bodi zake zililehemewa. Hiyo 4800 ndiyo kampuni ya reli ya Conrail waliyoipaka rangi za bendera.

2. Namba 1776, mwaka wa uhuru, peke yake haithibitishi kitu. PA iliyovuta Freedom Train ya kwanza, treni ya maonyesho ya historia ya Marekani, ilikuwa nayo, na U36B, dizeli ya kampuni ya reli ya Seaboard Coast Line, ya 1971 ilikuwa nayo pia. Lakini U36B ina njia ya kutembea nje, yenye vyuma vya kushikilia. PA haina. Mtu akizichanganya hizi mbili, basi hakuitazama picha.

3. Picha nyeusi na nyeupe. Freedom Train hiyo ya kwanza, nyeupe yenye mistari myekundu na ya buluu ubavuni, iliondoka Philadelphia tarehe 17 Septemba 1947 na kuzunguka majimbo yote 48 ya wakati huo, kwa hiyo waliipiga picha watu wengi wenye kamera za kawaida. Wengi walitumia filamu ya Verichrome ya Kodak, na kabla ya 1956 filamu hiyo ilikuwa haioni nyekundu. Mstari mwekundu ukatoka mweusi, wa buluu ukafifia hadi kukaribia weupe wa bodi. Ndiyo maana mnaandika "mstari mmoja". Chukueni lenzi, fuateni ubavu polepole kuanzia puani: wa pili upo, kivuli chepesi tu. Kwenye filamu ya pankromatiki, inayoona rangi zote, yote miwili inaonekana, ila kijivu kwa kijivu, na hapo hamwezi kusema upi ni upi kwa macho.

4. Sasa 4449, inayoniumiza kichwa kuliko zote. Injini hii ya mvuke ya Southern Pacific ilitoka kiwanda cha Lima mwaka 1941 ikiwa na rangi za Daylight, treni ya abiria ya kampuni hiyo, yaani nyekundu, chungwa na nyeusi. Ikavuta Freedom Train ya pili, 1975 na 1976, kwa rangi za bendera. Mwaka 1981 ikarudishiwa Daylight. Wengi mnaishia hapo. Lakini mwaka 2002, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, waliipaka tena rangi zile zile za Freedom Train, kwa heshima na kwa uchungu wa wakati ule. Kijana mmoja mwenye bidii sana aliniletea picha ya namna hiyo, kaandika 1975 kwa wino. Nilimwonyesha dizeli iliyosimama njia ya pembeni: chini ya pua kulikuwa na zile taa mbili ndogo zilizoenea Marekani miaka ya 1990. Injini iling'aa mbele yake kiasi kwamba hakuona kingine. Magari ya barabarani, nguo za watazamaji, mabehewa ya nyuma, hivyo ndivyo vinavyotaja mwaka. Rangi nzuri huja ikarudi, nami nafurahi kwamba ilirudi, lakini tarehe haiji mara mbili.

5. E8 yenye rangi za bendera na mabehewa ya abiria nyuma yake si lazima iwe ya Amtrak, kampuni ya taifa iliyochukua treni za abiria mwaka 1971. Kampuni ya reli ya Rock Island haikujiunga nayo. Waliendesha treni zao za Rocket wenyewe hadi mwisho wa 1978, na E8 yao namba 652 iliitwa Independence.

6. Mwezi uliogongwa kwenye fremu ya slaidi ni wa kusafisha filamu, si wa kupiga picha.

7. Mkisahihisha maelezo ya zamani, msiyafute. Andikeni yenu chini yake, pamoja na tarehe na kile mlichokiona kwenye picha, ili atakayekuja baadaye aweze kuwapinga.