Kabla ya kukodi jukwaa, zunguka kiwanja

Mwaka wa kwanza tulipoandaa tamasha la ngoma kijijini kwetu, mkoani Dodoma, sehemu kubwa ya michango iliishia kwenye jukwaa. Lilikuja na lori kutoka mjini: vyuma, mbao, turubai la bluu na spika mbili kubwa kama kabati la nguo. Tukajiona tumefika. Kisha wakapanda kina mama wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, kumi na wanane na ngoma zao, kwenye mbao za kutosha watu wanane. Muheme inataka nafasi. Ngoma inabanwa katikati ya mapaja, wachezaji wanatanuka na kurudi, watazamaji wanaziba duara. Kule juu walijipanga mstari mmoja kama wanaosubiri kupigwa picha ya kitambulisho. Waliposhuka, bibi kiongozi akanivuta pembeni: "Mjukuu wangu, kule juu tulikuwa tunamchezea nani?"

Sikuwa na la kumjibu. Tangu siku hiyo, kijana yeyote anayenipigia simu kuuliza tamasha la kijijini linaanzia wapi, namwambia aende akazunguke kiwanja, saa nne asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na moja jioni, siku hiyohiyo. Bajeti ingoje.

Utakachokiona kwanza ni kivuli. Matamasha yetu mengi hufanyika baada ya mavuno, mwezi wa saba au wa nane, mtama na uwele vikiwa vimeshaingia ghalani. Huku kwetu miezi hiyo jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo mchana kivuli cha mti huangukia kusini, na jioni kinasogea mashariki. Sisi tulipanga viti kaskazini mwa mkwaju kwa sababu ndiko barabara iliko. Kufika saa saba viti vilikuwa vimebaki na mgeni rasmi na diwani tu. Watu wote wamehamia nyuma ya mti, wanatazama migongo ya wachezaji. Watu wa kijijini hawagombani na jua, wanahama. Sasa tunachora duara pale ambapo kivuli kitakuwa saa nane, na mchezaji tunampa kisogo magharibi ili jua la jioni lisimpige machoni.

La pili ni moto. Hili waandaaji kutoka mjini hulisahau kabisa. Ngozi ya ngoma ikipata baridi ya asubuhi inalegea, na Dodoma ya mwezi wa saba ina baridi ya kweli. Ngoma iliyolegea haisemi, inakohoa. Lazima iote moto wa nyasi au kuni ndogo mpaka ngozi ikaze, na mpigaji anaijaribu kwa kiganja kila baada ya muda mfupi, anaigeuza, anaisogeza. Siyo kazi ya dakika mbili. Ukiwaita watu jukwaani ghafla, "kundi linalofuata!", umewanyima sauti yao. Ndiyo maana tunatumia viwanja viwili vilivyo karibu: kimoja kinalia, kingine kinaota moto. Kundi likimaliza huku, lenzake kule tayari ngozi imekaza, na watazamaji wanageuza tu shingo. Hakuna mshereheshaji wa kuziba pengo kwa vichekesho. Kwangu hilo peke yake linatosha kuacha jukwaa.

Lakini vilie kimoja kimoja. Mwaka wa pili tulijidai wajanja tukaweka ngoma upande mmoja na ala za nyuzi upande mwingine, hatua kama mia moja, vyote kwa wakati mmoja. Mzee mmoja alikuwa na zeze lake na kijana wake ana ilimba. Ilimba ni marimba ya mkononi, sauti yake ni ya kunong'ona. Kwenye tundu lake hubandikwa utando wa buibui ili itoe ule mvumo wa nyuki. Unahitaji kusogea kuusikia. Ngoma za kina mama zilipoanza kule ng'ambo, mzee alipiga kidogo, akatabasamu, akalaza zeze mapajani na kuomba maji. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki 2003, aliifikisha ilimba kwenye majukwaa makubwa ya Ulaya, lakini huko kulikuwa na mafundi sauti na watu waliokuja kunyamaza. Kiwanja cha shule ya msingi hakina ukuta. Sauti haitengwi kwa umbali, inatengwa kwa saa. Zeze na ilimba sasa tunazipa kuanzia jua likizama, chini ya mti, mikeka imetandikwa, ngoma zote zimepumzika. Watoto wenyewe wananyamaza.

Najua kuna atakayenikumbusha Bujora, kule Kisesa karibu na Mwanza, kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma. Pale vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hucheza kwa wakati mmoja, kila upande na uwanja wake, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa. Hapo ndipo mtu anapocheza na nyoka au nungunungu ili kuwaibia wenzake watazamaji. Ni sahihi kabisa, kwa sababu ushindani ndio mchezo wenyewe na kila mtu anajua ni wa upande gani. Usiige viwanja viwili vya Bujora kama huna Bagika na Bagalu wako. Kwenu vitakuwa kelele mbili tu. Kama unataka kuona muziki wa Kigogo ukipangwa na wenyewe, nenda Chamwino, mashariki mwa mji wa Dodoma, ambako tamasha lake limekuwapo tangu 2009.

Kuhusu ratiba sina mengi, ila punguza makundi. Tulianza na makundi ishirini kwa siku, dakika kumi na tano kila moja, na kengele. Nindo, uimbaji wa Kigogo, huanza polepole, kiongozi anaita, sauti zinaingia moja baada ya nyingine mpaka zinajaa. Kengele ilikuwa ikigonga ndipo wimbo unaanza kupanda. Na kila mwamba ngoma huvutia ngozi kwake, hivyo kila kiongozi aliomba "dakika mbili tu" na saa kumi na mbili tulikuwa bado na makundi saba yaliyofunga njuga tangu asubuhi. Sasa yanacheza tisa, nusu saa kila moja. Mengine yanapewa mwaka unaofuata, na tunawaambia mapema ili wasije wakafunga safari bure. Watoto wa shule asubuhi. Wanaotoka mbali kabla ya saa tisa, wapate kurudi kwao kungali mwanga. Wenyeji wa mwisho, maana ndugu zao hawaondoki kabla hawajawaona.

Na mgeni rasmi asiwe ndiye anayefungua. Mwaka mmoja alichelewa saa tatu na wazee walimsubiri wamesimama juani. Siku hizi ngoma inaanza saa nne, yeye akifika anakuta imekolea, anahutubia kabla ya chakula. Hajawahi kulalamika hata mmoja.

Fedha ya jukwaa? Ilihamia kwenye simtanki la lita 2,000, mafuta ya lori la kubeba makundi, na chakula: ugali wa uwele na mlenda, kwa kila aliyecheza. Spika tumebakisha moja, ya matangazo, tena imetazama barabarani. Vyoo tunatumia vya shule. Hapo nikuonye: mwaka wa tatu mwenye funguo alikuwa ameenda mjini tangu alfajiri, watu mia kadhaa wako uwanjani, na kufuli ni jipya. Funguo zichukue jana yake, uziweke mfukoni mwako mwenyewe.

Bibi yule wa muheme bado anakuja. Mara ya mwisho alifika siku moja kabla, akapita kiwanjani na fimbo yake, akaisimika mahali, akasema moto uwashwe hapa, siyo pale mlipochimba, upepo utawaletea moshi machoni. Tulihamisha kuni jioni ileile.